Chura Inatengenezewa Nani?

Mwanamke aliyeniletea bugali na sombe, majani ya muhogo, pale mjini Komanda alikuwa ametoka kumuuzia petroli mtu wa pikipiki aliyesimama mbele ya kibanda chake. Alijipangusa mikono kwenye kitenge, akaniwekea sahani. Nilipoinama kula, harufu ilikuwa pale, nyembamba, juu ya mvuke wa chakula. Wenzangu mezani waliendelea kula. Mimi nilisogeza sahani kidogo, nikaitazama mikono yake, kisha uso wake, kisha mlango wa nyuma. Nimepita miaka arobaini, nimekaa miji mingi bila kutulia hata mmoja, na bado petroli kwenye mkono wa mwanamke hunifanya nimtafute mwanamume aliyejificha nyuma yake.

Ilianzia Rwambuzi, nyumbani kwetu Bunia, mwaka tuliokuwa tukimlilia baba.

Baba alikuwa na moto ya magurudumu manne. Kwetu pikipiki huitwa moto tu, na ile, kwa kuwa ilikaa chini na kutanua miguu kama inayotaka kuruka, mtaa mzima waliiita Chura. Aliipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta dhahabu upande wa Mongbwalu, akachoka, akarudi kwao. Ilikuwa imezeeka tayari. Rangi yake nyekundu ilikuwa imebaki kwenye kona tu, na kiti chake kilishonwa kwa uzi wa nyavu. Lakini mvua ilipoharibu njia na malori yakalala kwenye matope ya mlima, baba alishuka nayo mpaka Kasenyi, kando ya ziwa, akapanda na vikapu vya samaki, akawapita madereva wanaopika chai kando ya malori yao. Walimtukana kwa wivu. Alirudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi, akicheka.

Kisha macho yake yakawa ya njano, na hakucheka tena. Alipokufa, Chura ilisukumwa nyuma ya jiko ikafunikwa kwa baashi, lile turubai la malori. Kuku walitaga mayai pale alipokuwa akiweka miguu yake.

Wewe uliyelelewa na watu kama wa baba, wa upande wa Mahagi, hauhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya wengine. Katika ukoo wetu, mjane aliyevaa nguo nyeusi haongei na ndugu za marehemu kuhusu nyumba wala vitu vya nyumba. Wakimwuliza, anatazama chini. Siku ya kutosha matanga, yaani siku ya kumaliza kilio, ndipo anavuliwa nguo nyeusi na kuulizwa mbele ya wakubwa nani ashike nyumba. Kwa desturi ni mmoja wa ndugu za mume. Mpaka siku hiyo kimya chake hakikatazi kitu, na mwanamume mwenye haraka anaweza kukisikia kama ndiyo.

Baba mdogo Kamilo alikuwa na haraka. Alikuwa akiuza petroli kwa chupa kando ya njia ya Mongbwalu, na petroli ilikuwa imemwingia mwilini. Tulijua amefika kabla hajabisha. Alikuja kila Jumapili baada ya misa, mfupi, na suruali pana iliyofagia vumbi, na mkono wa kulia uliovunjika zamani kwenye shimo la dhahabu ambao haukunyooka tena. Alikaa kwenye kiti cha baba.

"Shemeki," alisema siku moja, "ile Chura iko naoza bure. Itafaa itengenezwe. Mwenye kushika hii nyumba atatembea na miguu?"

Mama akatazama chini.

"Umesikia? Amekubali," Kamilo akaniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa mkutano.

Nilikuwa darasa la tano na nilielewa ya kutosha. Kamilo alikuwa na mke tayari kule Mongbwalu, mwanamke ambaye watu walimtaja kwa sauti ya chini na kujishika shavu. Akishika nyumba, amemshika mama, na mimi na mdogo wangu tutapelekwa kwa bibi Mahagi ili nafasi ipatikane. Hayo aliyasema mwenyewe, akidhani tumelala. Nilimtazama mama nione kama atakasirika. Alikuwa akichambua mchele.

Siku chache baadaye nilitoka shule nikakuta nyuma ya jiko hapana Chura. Baashi imekunjwa vizuri, kuku wanazungukazunguka kama watu waliobomolewa nyumba. Nilifuata alama za magurudumu kwenye udongo mpaka kwa Fundi Zaka.

Zaka alikuwa na karakana yake pembeni ya kiwanda cha kahawa kilichofungwa. Alikuwa mwanamume wa mdomo mkali, asiyemwamini mtu yeyote mwenye funguo. Kila alipomaliza kazi alitoa buji kwenye injini, kile kidude kinachotoa cheche, akakitia mfukoni, ili mwenye chombo asije usiku akaondoka nacho. Watu walisema Zaka akitembea haraka mifuko yake hulia kama kengele za kanisa.

Chura ilikuwa mbele yake, imefunguliwa tumbo.

"Fundi, nani amekupatia hii?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe alikufa."

Akanitazama. "Iko mwenyewe mupya."

"Nani?"

"Weye Berna, uko polisi? Atakuya siku yake. Shika hii." Akanipa bakuli la petroli lenye vipande vya kabureta, akaniambia nivisugue kwa mswaki. Nikasugua. Nilifikiri nikikaa pale nikifanya kazi, jina litamtoka.

Halikumtoka, kwa hiyo nilianza kusoma mashine. Kila nilipopita kutoka shule niliangalia kilichobadilika, na kila kilichobadilika kilinionyesha mtu yule yule. Zaka alikata sponji ya kiti, kikashuka sana. Nani alikuwa mfupi? Alitupa kamba ya kuvutia injini, ile ambayo baba aliivuta kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akafunga betri na kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba. Nani alikuwa na mkono usioweza kuvuta? Alichukua debe la mafuta ya kupikia, akalikata, akalikunja kufunika mnyororo wote, akagonga kingo zake zikawa laini, akapitisha kitambaa juu yake kuona kama kitanasa.

"Ya nini hii?" nikamwuliza.

"Nguo pana na mnyororo hawapatanagi," akasema. "Nguo inaingia, halafu mwenye nguo anafuata."

Nikaiona suruali ya Kamilo. Kisha akachomelea kitanda cha vyuma nyuma, kirefu, chenye kingo za kufungia kamba. Hapo sikuuliza. Nilikipima kwa macho. Godoro letu lingeenea, na sanduku la nguo, na mdogo wangu juu yake amefungwa kama mbuzi wa soko. Njia ya Mahagi ni ndefu.

Nyumbani mambo yalianza kuharibika kwa namna ambayo ni mimi tu niliyeiona. Mama alisema anaenda shambani baada ya kutuandaa kwa shule, lakini jembe lilibaki nyuma ya mlango, udongo umekauka juu yake. Alirudi na vumbi kwenye kope. Alianza kuimba kwa pua akipika, na mjane haimbi. Halafu jioni moja alinyoosha mkono kunikatia bugali, nikasikia harufu.

Petroli. Alikuwa amenawa kwa sabuni na majivu, nilimwona akinawa, lakini petroli haitoki, inajificha chini ya kucha. Nilitazama vidole vilivyokuwa vimesuka nywele zangu na nikajua ni nani aliyevishika. Sikula. Mama akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema tumbo. Akanigusa paji la uso kwa mkono ule ule, nami nikajirudisha nyuma. Akaniangalia sana. 

Sijui kama ninyi mnakumbuka jinsi mtoto anavyomchukia mtu anayempenda. Huwa ni chuki yenye utii. Nilichota maji, nilifagia, nilimbeba mdogo wangu, na wakati wote nilikuwa nikimpeleleza mama yangu. Niliangalia viatu vyake vimepakwa udongo gani. Alipotoa kitenge nilikinusa. Na siku alipooga na kuacha nguo yake nyeusi juu ya kamba, nilifungua fundo la pembeni, pale wanawake wanapofunga vitu vidogo, nikakuta buji. Mpya, nyeupe shingoni, imezungushiwa kipande cha karatasi.

Nilijua ni buji. Lakini bibi yangu wa Mahagi alikuwa ametueleza zaidi ya mara moja kwamba zamani, kabla ng'ombe hawajawa wengi, mwanamke aliolewa kwa chuma. Mwanamume alipeleka majembe, na mwanamke akiyapokea, basi. Kwa hiyo nilisimama uani na kile chuma kidogo kwenye kiganja, nikahisi uzito wake. Kamilo hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Chuma alikuwa nacho. Na mama alikuwa amekipokea, akakifunga kwenye nguo ya kilio cha baba yangu.

Nikakirudisha, nikafunga fundo kama lilivyokuwa.

Kesho yake nilitoka shule kabla ya wakati. Nilipita nyuma ya kiwanda cha kahawa, kwenye uwanja mpana ambako zamani walianika kahawa, na hapo niliona alama za magurudumu zimezunguka, na kuzunguka, duara ndani ya duara, kama mtu aliyepotea mahali pamoja. Nilielewa. Zaka alikuwa ameweka segma mpya, zile pete za chuma, kwenye pistoni, na alikuwa akisema mbele ya kila mtu kwamba injini ikiisha kufunguliwa lazima mwenyewe aizoeze polepole, yeye na si mwingine, kwa sababu injini inashika tabia ya mkono wa kwanza. Basi mwenyewe alikuwa amekuja. Nilitafuta nyayo zake. Hazikuwepo. Mtu alikuwa amezifagia kwa tawi, mistari ya majani ilionekana wazi kwenye vumbi. Magurudumu waliyaacha, miguu waliifagia.

Nilipotoka pale nikakutana na Kamilo kwenye daraja dogo, akisukuma baiskeli iliyobeba pneu nne, matairi mapana, mapya kabisa, yenye meno.

"Berna! Ona viatu vya Chura. Vimetoka Uganda, vimevuka ziwa." Akazipiga kofi kama mtu anayepiga mgongo wa ng'ombe. "Mama yako anasemaga nini juu yangu?"

"Hakuna."

"Hakuna mubaya ao hakuna muzuri?"

"Hakuna kabisa."

Akacheka, akafurahi. "Ni vile. Mwanamuke mwenye heshima." Akanipa pipi kutoka mfukoni, ina ladha ya petroli. "Anaendaga wapi asubui?"

"Shamba."

"Vizuri. Ukiona kitu, utaniambia. Mimi ni baba yako sasa."

Nilitema pipi alipopinda kona. Nilipogeuka nikamwona mama amesimama mbali, upande wa kiwanda, kikapu kichwani. Alikuwa akinitazama. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Tangu siku ile hakunituma tena mbali na nyumba, na akaanza kunyamaza nilipoingia chumbani.

Siku ya kutosha matanga ilifika. Watu wa Mahagi walijaa uani, wamekuja na kuku na mihogo na nyimbo zao. Bibi alikuja pia, mama yake baba, mdogo na mkavu, na kiko chake cha udongo. Vitu vya baba viliwekwa juu ya mkeka: koti, redio, nyavu, viatu. Chura ilisukumwa mpaka katikati na Zaka mwenyewe. Watu wakapiga mbinja. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu upya, na zile pneu za Kamilo ziling'aa nyeusi kama makaa ambayo hayajawashwa. Kamilo alikuwa amevaa tai. Alizunguka mashine akiwaonyesha ndugu zake, akainama, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo.

Wanawake walimwingiza mama ndani, wakamnyoa, wakamvua nguo nyeusi. Alitoka na kitenge cha kijani, kichwa kinang'aa. Msemaji wa ukoo, kaka mkubwa wa baba, akakohoa.

"Mama Berna. Ulikaa kimya, ulikaa vizuri, hatukusikia ubaya. Leo mudomo wako umefunguliwa. Hii nyumba nani ashike?"

Mama akatazama chini.

Nilimshika mdogo wangu mkono mpaka akalia. Kamilo alikuwa ameanza kunyanyuka.

"Hata leo iko na haya," akasema, na watu wakacheka kwa upole.

"Apana," mama akasema. "Niko natafuta neno la kutoumiza mutu. Sijalipata." Akainua uso. "Nyumba nitashika mimi. Batoto banabaki na mimi, hapa Rwambuzi. Nitashuka Kasenyi kuchukua samaki, vile baba yao alifanya."

"Na miguu?" mtu akauliza.

Mama akaenda kwenye Chura. Aliokota upindo wa kitenge, akauchomeka kiunoni, akapanda, na miguu yake mifupi ikafika chini vizuri kabisa. Akabonyeza kitufe. Injini ikawaka. Kuku wakakimbia, watoto wakakimbia, na mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaomba msamaha kwa sauti. Mama alizunguka uwanja mara moja, polepole, kitenge kikipepea juu ya lile debe lililokatwa bila kunasa. Nilitazama uso wake, na vidole vyake, nikaikumbuka ile buji ambayo Zaka, asiyemwamini mtu, alikuwa amemwachia yeye, kisha nikatazama kile kitanda cha vyuma nyuma yake chenye upana wa vikapu viwili vya samaki. Nilihisi kama mtu aliyesoma barua yote akiwa ameishika kichwa chini.

Kamilo alisubiri anyamazishe injini.

"Pneu ni zangu!" akasema. "Mimi nilizinunua! Kila mutu anajua!"

"Nani alikutuma?" bibi akamwuliza.

"Nilimwambia shemeki itengenezwe. Hakukataa!"

"Alikubali?"

"Hakukataa!"

Bibi akatoa kiko mdomoni. "Kamilo mutoto wangu. Ulinunua viatu, haukuuliza mguu ni wa nani."

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Hata mke wake, yule wa Mongbwalu, ambaye nilikuwa sijajua kwamba amekuja, alicheka mpaka akajifuta macho, na naona ni yeye aliyecheka kwa raha kuliko wote. Mama hakucheka. Alimwambia Kamilo kwamba pneu atazirudisha akipata nyingine, na alimwambia kwa heshima, akimwita baba Kamilo. Kaka mkubwa alikunakuna kidevu, akawatazama wazee wenzake, akasema ukoo utaona kwanza kama mwanamke anaweza kupanda ule mlima. Hilo halikuwa ndiyo. Lakini hakuna aliyetugusa sisi watoto siku ile, na mlima aliupanda, mvua na jua, miaka mingi.

Nimewahi kujiuliza kama alimdanganya Kamilo. Hakusema uongo hata mmoja. Alimwacha tu yule bwana ajisemee, wiki baada ya wiki, na Zaka naye alimwacha alete pneu huku akijua zinaenda wapi. Aliye na nguvu akiamua kwamba kimya chako ni ndiyo, labda una haki ya kumwacha agharimike. Lakini mimi niliishi ndani ya kimya kile, nami sikuwa Kamilo. Tangu hapo sijaweza kukaa na mtu anayenyamaza. Nimeondoka nyumba za watu wema kwa sababu tu walikuwa wakiwaza bila kusema.

Jua lilikuwa bado halijazama wageni walipoanza kuondoka. Mama alikuwa akipangusa Chura kwa kitambaa, na nilimkuta peke yake.

"Mama, kwa nini haukuniambia?"

Aliendelea kupangusa. "Zaka alikuwa ananifundisha kule kwa kahawa. Kama Kamilo angejua, wangeichukua mbele ya siku."

"Lakini mimi?"

"Nilikuona na yeye pale kwa daraja. Alikupatia kitu, ukakipokea." Akakunja kitambaa. "Na mbele ya hapo ulikuwa umekataa kula chakula changu. Ulikuwa unafungua fundo za nguo zangu. Nikasema, basi, huyu mutoto iko macho ya Kamilo."

 Miezi yote ile nilikuwa nimemlinda baba dhidi yake, naye alikuwa akijilinda dhidi yangu, tukila kwenye sahani moja.

"Sikumwambia kitu," nikasema.

"Najua sasa."

Akapanda, akasogea mbele kidogo kwenye kiti kile kilichokatwa, akanionyesha nafasi nyuma yake. Kisha, kabla sijapanda, akageuza kichwa chake kilichonyolewa.

"Kweli, Berna? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikapanda. Nikamzungushia mikono kiunoni. Kabla ya kubonyeza kitufe alishusha mkono mmoja, akavikusanya vidole vyangu vyote ndani ya kiganja chake, akavibana kwa nguvu, na mpaka leo sijajua kama alikuwa akinishika nisianguke, au alitaka tu kuwa na hakika mikono yangu iko wapi.